Chama chetu tunakubaliana kikaoni, halafu tunapingana kwa simu. Tufanyeje?

Mweka Hazina Umoja:

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama 14 hapa Umoja. Tunakutana Jumapili ya mwisho wa mwezi, nyumbani kwa yule ambaye zamu yake imefika. Michango inaingia kwa paybill kabla ya kikao, kwa hivyo huko hatuna shida. Shida yetu ni kuamua.

Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu na ametulea kweli. Bila yeye hiki chama kingekufa wakati wa korona. Lakini tukimaliza maombi anasoma ajenda, na papo hapo anasema yeye anaonaje. Halafu anauliza, "Kuna mwenye maoni tofauti?" Kimya. Mmoja anasema "sawa Mwalimu", wengine wanaitikia, katibu anaandika kwamba tumekubaliana. Nikitoka tu langoni, simu inaanza kuita: "Mama, hiyo kitu mimi sikuitaka."

Sasa tuna akiba ya kutosha jambo moja. Mwalimu anataka tununue ploti Joska. Wengine wanapenda mahema na viti vya kukodisha, maana harusi na matanga haziishi. Kuna mama ana jamaa zake huko Joska, na ameniambia chemba kwamba kuna familia inadai hiyo ardhi ni yao. Kikaoni alikuwepo, ameketi karibu na mlango na kikombe chake cha chai, na hakusema neno. Tunaamua kikao kijacho. Nitafanyaje azungumze bila kumvunjia Mwalimu heshima?

Juma Kariobangi:

Dada, badilisheni mwenyekiti. Katiba yenu inasema muhula ni miaka mingapi?

Shosho wa Buruburu:

Mwanangu, pole. Hayo ya kubadilisha mwenyekiti yaweke kando kwanza. Kazi yangu ilikuwa na vikundi vya Mukuru, Dandora na Kayole mpaka nikastaafu, na nimeona vyama vikipokezana uenyekiti kila mwaka huku kimya kikibaki palepale.

Hao wenzako hawanyamazi kwa woga tu. Ni adabu. Mtu mnayemwita Mwalimu akishatoa neno, kusema kinyume ni kumkosoa mkubwa mbele ya watu, tena nyumbani kwa mwenzenu. Kwa hivyo usitafute mama jasiri. Geuza mpangilio: Mwalimu aseme mwisho. Nenda kwake mapema, peke yako, usimpelekee mashtaka. Mwambie, "Mwalimu, neno lako ni zito, ukishalitoa sisi hatuna la kuongeza. Mara hii tusikilize kwanza, halafu utufungie." Mtu aliyelea chama ataelewa. Namna hiyo anabaki mkubwa, na nyinyi mnapata nafasi.

Kisha gawa vikaratasi kabla mtu hajafungua mdomo. Usiulize nani anataka nini. Uliza hivi: "Andika jambo moja unalolijua kuhusu Joska au biashara ya mahema ambalo huenda wenzako hawalijui." Nashikilia sana hili swali, na nitakuambia kwa nini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1985, watafiti wawili wa Marekani, Garold Stasser na William Titus, waliwaweka wanafunzi wa chuo katika vikundi vya watu wanne, wachague mgombea mmoja kati ya watatu. Habari za wagombea ziligawanywa: nyingine walipewa wote, nyingine akapewa mmoja tu. Ukizikusanya zote, mgombea bora alikuwa wazi. Vikundi vingi vilimkosa, kwa sababu watu walizungumzia yale ambayo kila mmoja alikuwa anayajua tayari, na yale aliyoyajua mtu mmoja yakabaki kwake. Sasa mtazame mama yako wa pale mlangoni. Bila swali la kumtafuta, habari yake itarudi naye nyumbani, na pesa zenu zitaenda Joska.

Wewe pia usimsemee. Alikuamini. Muombe ruhusa, na umwambie kuna wengine watakaouliza maswali. Mtu akijua hayuko peke yake, ulimi hulegea.

Tena wewe ndiwe mweka hazina. Sema wazi kwamba hakuna shilingi itakayotoka kabla ya hati ya upekuzi kutoka afisi ya ardhi, ile inayoonyesha ploti imeandikishwa kwa jina la nani. Lakini hati peke yake isiwatulize: mgogoro wa familia ambao haujaandikishwa kwenye rejista hautaonekana humo. Pandeni gari la Barabara ya Kangundo, fikeni hapo, ulizeni majirani na chifu.

Hayo ya simu usiyapige vita. Watu 14 wanaweza kuzungumza wawili wawili kwa njia 91. Utazizima vipi?

Katibu Pipeline:

Shosho nakuheshimu, lakini vikaratasi kwetu vilikataa. Tunajuana miandiko, na kuna wazee wanaoona haya kuandika. Sisi tunajigawa watatu watatu kwa dakika kumi, halafu mmoja anasema "sisi tumeona hivi". Neno linakuwa la watatu, hakuna wa kununiwa.

Pia tulipojisajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, tuliweka kwenye katiba yetu kwamba pesa nyingi haziamuliwi kikao kimoja. Cha kwanza ni maswali tu, cha pili ndipo tunapiga kura. Imetuokoa, maana watu wanaenda kuuliza huko nje katikati.

Shosho wa Buruburu:

Katibu, hilo la watatu watatu ni bora kuliko langu kwa kikundi chenye wazee. Mama, lichukue. Ila Mwalimu asiwekwe kwenye kundi lolote, la sivyo hao wawili watamsikiliza yeye.

Mweka Hazina Umoja:

Nimetoka kwa Mwalimu. Alikaa, akaniuliza, "Kwa hivyo hawa wote huwa wananyamaza kwa sababu yangu?" Nikamwambia ni heshima. Amekubali kusema mwisho, na amekubali kura isubiri kikao cha pili. Mama wa Joska naye amekubali, mradi asiwe wa kwanza. Mwalimu ameuliza moja tu: na kama makundi yote yatarudi na "sawa"?

Shosho wa Buruburu:

Awaulize: "Ni nini kingewafanya mseme hapana?" Kisha angoje, asiwajibie. Aanze na kundi lenye wanachama wapya, la mama wa Joska liwe la katikati. Na hati ya upekuzi ikitoka, mpe Mwalimu mkononi aisomee kikao yeye mwenyewe.