Mtafsiri wetu wa muvi amenimalizia katuni kwa salamu!

Wakuu, naandika huku mkono unatetemeka. Jina silitaji, mnamjua wote, yule anayekohoa ndani ya maiki.

Kanijazia flashi ya katuni za Kimarekani zinazozitania muvi za majambazi. Nafungua Thugs with Dirty Mugs ya mwongozaji Tex Avery, 1939. Kampuni ya Warner, hao hao waliotoa muvi za majambazi, ndio wakazigeuza vichekesho. Jambazi sura ya Edward G. Robinson mtupu, yule mwigizaji wa muvi za majambazi! Anaiba benki kwa kufuata namba zake, akifika ya 13 anairuka.

Sasa kuna kivuli cha mtazamaji, kinasimama kama mtu wa ukumbini anayetaka kutoka. Jambazi anamtolea bastola: kaa, unataka kwenda kunichongea! Baadaye polisi wamekwama, kivuli kinasimama tena kiseme. HAPO HAPO mtafsiri wetu anaanza: "Salamu ziwaendee bodaboda wote wa stendi!" Majina elfu moja!

Nikarudisha nyuma. Kivuli kinasimama, salamu. Nikarudisha. Kivuli, salamu! Kile kivuli kinawaambia polisi kimeshaiona picha hii mara mbili, ndiyo maana kinajua jambazi anakwenda kuiba wapi. Katuni yote ilikuwa inapandia hapo! Mwanangu kaniuliza, "Baba, yule mtu kasema nini?" Nimjibu nini, bodaboda?

Kivuli kimesimama, wakuu. KIMESIMAMA!

Kobe_Mkavu: Mtu mzima unalilia kivuli. Pole mkuu, kunywa maji.

ShangaziWaMtaa: Afadhali wewe. Mimi ile katuni ya sungura Bugs na jambazi Rocky, 1954. Sungura kawaficha majambazi kwenye oveni, anawasha gesi ili polisi waamini hamna mtu. Yeye katafsiri sungura anapika maandazi!

Mleta uzi: Maandazi yana nafuu, shangazi. Mimi kivuli KILISIMAMA.

Kobe_Mkavu: Kikae basi.

Fundi Redio: Mimi mmoja wa bodaboda waliosalimiwa. Jina langu kalikosea.

ShangaziWaMtaa: Oveni nzima, maandazi!

Nyota7: Flashi mnauziwa bei gani huko? Kwetu wamepandisha, na nusu ya muvi hazifunguki.

Fundi Redio: Kwetu ukirudisha flashi anakwambia umeipiga virusi wewe.

Nyota7: Kumbe ni wote! Na yangu kaifuta na picha za harusi.