Wanafunzi wa kozi yangu ya mtandaoni wanapotea kuanzia wiki ya pili, nipangeje ili wabaki?

dada_wa_Sakina
Wakuu habari za jioni, shikamooni wakubwa. Niko Arusha pande za Sakina, naendesha kozi ya mtandaoni ya waongoza watalii, wengi ni madereva wa safari na wachache ni wagumu, yani wapagazi wa mlimani, wanaotaka kuhamia upande wa mbuga. Masomo ni historia ya hifadhi za kaskazini, wanyama, jiolojia kidogo ya Ngorongoro na namna ya kumhudumia mgeni. Kozi ni wiki nane, kila wiki kuna video mbili za kama dakika 40 kila moja, notisi za PDF, mwishoni mtihani na cheti.

Shida ni kwamba wiki ya kwanza grupu linachangamka mpaka usiku, wiki ya pili wanaanza kupungua, ikifika ya nne naongea na watu wale wale tu, na hawa wamelipa ada kwa hela yao ya mfukoni sio kwamba wamepewa bure. Nikimpigia mtu ananiambia mwalimu nitaendelea nikitoka porini, anatoka porini anaingia tena. Wengine bando limeisha.

Kuna aliyenishauri ninunue kamera na taa nirekodi upya video zote zivutie, mwingine kasema niweke pointi na beji kama gemu. Kabla sijatoa hela naomba kusikia kwa waliowahi kutengeneza kozi za namna hii, hasa ni nini kinamfanya mtu mzima mwenye kazi zake abaki mpaka mwisho? Mana haya mambo wanayahitaji kweli, mgeni akiuliza swali kwenye gari dereva akakosa jibu, hata tipu inapungua. Natanguliza shukrani.

mwl_Njiro
Dada hongera kwa kazi. Hiyo kamera iache kwanza. Hawakimbii sababu picha haina mwanga, wanakimbia sababu hakuna wanachofanya. Mtu katoka kuendesha gari kwenye vumbi kutwa nzima, umkalishe dakika 40 anamsikiliza mtu kwenye simu, hata uwe unaongea vizuri kiasi gani atalala tu.

Mwaka 2014 mtafiti Philip Guo na wenzake walichambua kumbukumbu za kozi za edX, ile tovuti ya kozi za mtandaoni iliyoanzishwa na vyuo vikuu vya Harvard na MIT, walipitia mara milioni 6.9 ambazo watu walifungua video wakakuta hata video iwe ndefu vipi, kwa kawaida watu hawavuki dakika 6. Na walikuta kitu kingine kinachokuhusu wewe moja kwa moja, video ya mwalimu aliyekaa mezani kwake anaongea kawaida inaweza kuwashika watu kuliko ile ya studio ya gharama. Kwa hiyo simu yako uliyonayo inatosha kabisa, kitu cha kutafuta ni sehemu isiyo na kelele.

Na usione kama ni kozi yako peke yake. Watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente mwaka 2019 walitoa hesabu za kozi za wazi za vyuo hivyo hivyo viwili, kwa mwaka 2017-18 waliomaliza walikuwa kama asilimia 3 tu ya walioandikishwa. Waliolipia ili wapate cheti wakafika asilimia 46. Yani ada inasaidia sana ila hata huko zaidi ya nusu ya waliolipa waliishia njiani.

Mimi ningepindua mpango mzima, swali litangulie video. Chukua somo lako la Ngorongoro. Najua umeanza na kwamba ni volkano kubwa iliyobomoka ikaacha kaldera, yani lile shimo kubwa, ni kweli, lakini dereva analisikia hilo kila siku na halimsumbui. Badala yake jumatatu asubuhi tupia grupuni: mko chini kreta, mgeni anakuuliza mbona tangu asubuhi hatujaona twiga hata mmoja, unamjibuje? Jibu kwa sauti, isizidi dakika moja. Hapo kila mtu ana la kusema, mmoja atasema kuta ni kali twiga hashuki, mwingine atasema shida ni malisho, miti anayokula haitoshi kule chini, mwingine ataleta habari ya tembo kwamba wanaoonekana kule wengi ni madume wazee na yeye atataka kujua kwa nini. Waache wabishane mpaka jumatano. Alafu ndo unaleta video yako ya dakika tano, unaeleza volkano ilivyobomoka, zile kuta za kama mita 600 zilivyotokea na zinamzuia nani kuingia na kutoka. Wataangalia mpaka mwisho sababu wanataka kujua nani alikuwa sahihi.

Kuhusu mtihani wa mwisho, uvunje vipande vipande kila wiki, na uwe wa kujibu bila kuangalia notisi. Watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke mwaka 2006 walifanya jaribio, kundi moja likasoma kifungu kimoja mara nne, lingine likasoma mara moja alafu likajipima mara tatu kwa kuandika linachokumbuka. Baada ya wiki waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40. Cha ajabu ukiwapima dakika tano tu baada ya kusoma, waliorudia kusoma ndo walikuwa juu. Ndo mana mtu akimaliza video anajiona kaelewa kila kitu, kesho yake kwenye gari hakumbuki.

kijana_wa_Pasua
Mwalimu wa Njiro umeongea point tupu. Mi niko Moshi, nimeanza kama mgumu saivi ni msaidizi wa kuongoza, niongee upande wa mwanafunzi mana kozi za hivi nimezijaribu na kuna niliyoiacha na nilikuwa naipenda.

Dada ukipanda mlima ni siku sita au saba huko, simu unaizima utunze chaji, mtandao unashika sehemu na sehemu haushiki, usiku umechoka una mzigo wa mgeni wa kesho. Unashuka getini unawasha simu inaingia mvua ya meseji, grupu la kozi pekee lina mamia, video mbili zimekupita, kesho kutwa kuna zingine mbili. Hapo ndo watu wanapoachia. Mtu anaona deni limeshakuwa kubwa, anaona aibu kuuliza mlifika wapi, anakaa kimya na wewe unadhani hana nia. Mi ningeomba kila wiki ijitegemee, niliyekosa wiki ya tatu niweze kuingia ya nne nikaelewa, na kuwe na meseji moja tu ya mwalimu imebandikwa juu kabisa kwenye grupu: wiki hii tunajibu swali hili, video ni hii, mwisho jumapili. Basi. Nisianze kupekua salamu za asubuhi za watu.

Na bando jamani tuhesabiane. Video ya dakika kumi yenye picha safi inakula MB mia na zaidi. Sauti peke yake ya dakika kumi hizo hizo haifiki MB tano. Somo la historia ya hifadhi lina haja gani ya kuonyesha sura? Weka sauti, mtu anaisikiliza anasubiri wageni pale getini. Video ibaki pale ambapo lazima jicho lione, kwa mfano kutofautisha nyayo za chui na za duma, duma anaacha alama za kucha, chui kwa kawaida haachi, hapo ndo nionyeshe picha tena uikuze niione vizuri.

Kingine ni kalenda. Unafungua kozi mwezi gani? Ukifungua mwezi wa saba hata ukitoa ada bure hawatamaliza, hai sizoni hiyo, wageni ndo wengi. Fungua mwezi wa tatu mwishoni, masika inaanza, april na mei magari mengi yamepaki na watu wapo nyumbani wana muda.

A_town_mtulivu
Nakazia hapo kwenye kalenda. Ila na mimi naomba nitofautiane kidogo na wanaotaka kulegeza kila kitu. Ukimwambia mtu soma ukipata nafasi, nafasi haipatikani, nani Arusha hii ana nafasi? Kazi ya wiki iwe na mwisho unaoeleweka, jumapili saa nne usiku, na ikishapita imepita. Huruma iweke kwenye idadi, kwamba kati ya kazi nane mtu akifanya sita anapata cheti. Aliye mlimani anajua mbili za kukosa anazo, haombi ruhusa, hajielezi, na wewe husumbuliwi na simu za kujitetea. Ila zile sita azifanye kwa wakati.

Beji mi sizipingi kwa vijana wa shule, lakini dereva wa miaka 45 mwenye watoto watatu beji ya kwenye simu haimpeleki popote. Anataka kitu cha kumwonyesha bosi wake au mgeni wake.

mzee_wa_Kiboriloni
Marahaba binti. Mnazungumza habari ya mtandao lakini jambo lenyewe nchi hii tulishalifanya kwa redio. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, wiki kumi na mbili, walishiriki watu kama milioni mbili, na wengi wao vijijini hawakuwa na redio yao wala shule ya maana. Kwa nini hawakuachia njiani? Hakuna aliyeambiwa akasikilize peke yake nyumbani. Mlikaa kikundi mnasikiliza kipindi, kiongozi anasoma kitabu kidogo kilicholetwa, mnajadiliana, kisha mnaamua hapa kijijini kwetu tunafanya nini wiki hii, tunachimba choo kwa nani, tunafukia madimbwi ya wapi. Viongozi wa vikundi walioandaliwa kwa kazi hiyo walikuwa kama 75,000, nao ndio walioishikilia kampeni. Kipindi chenyewe kilikuwa kifupi tu.

Hata hapa Moshi Chuo cha Ushirika kilitumia masomo ya posta pamoja na redio na vikundi vya kusomea kwa wanachama wa vyama vya msingi vya ushirika, watu wazima wenye mashamba yao ya kahawa.

Kwa hiyo binti yangu, wagawe hao wanafunzi wako vikundi vya watano watano, na usiwagawe ovyo. Waliopo Karatu wawe pamoja, wa Usa River pamoja, wa mlimani pamoja. Kila kikundi kiwe na mmoja mwenye jukumu la kujua nani hayupo na kwa nini. Mtu akikosekana kwenye grupu kubwa hakuna anayegundua, akikosekana kwa watano anapigiwa simu siku hiyo hiyo, tena na mwenzake wa kazi, siyo na mwalimu anayemdai.

dada_wa_Sakina
Asanteni sana, mzee wangu shikamoo tena, hii ya viongozi 75,000 sikuwa naijua na imenipa picha kabisa. Kamera sinunui. Nitaanza na hilo swali la twiga, na nyayo za duma nitazipiga picha mwenyewe. Kozi mpya naifungua mwisho wa machi, na hiyo ya kazi sita kati ya nane naichukua ilivyo.

Swali langu lililobaki, kila mwanafunzi akileta sauti ya dakika moja kila wiki, mimi peke yangu nitasikiliza zote saa ngapi? Na nisiposikiliza watajua mwalimu hafuatilii.

mwl_Njiro
Usisikilize zote, wasikilizane wenyewe kwenye vile vikundi vya watano alivyosema mzee. Kila mmoja anamjibu mwenzake mmoja, kwa maswali mawili unayowapa wewe: mgeni angeelewa? Kuna jambo limekosewa? Hawa ni watu wa kazi moja, watakosoana vizuri kuliko unavyofikiri. Alafu kikundi kinachagua jibu lao bora moja wanakuletea. Ukiwa na watu sitini unasikiliza sauti kumi na mbili, haifiki dakika kumi na tano. Jumatatu unawarudishia sauti yako moja ya dakika tatu, na hapo taja watu kwa majina, fulani wa kikundi cha Karatu kaeleza hivi, hapo sawa, hapa arekebishe. Mtu akisikia jina lake limetajwa na kazi yake imejadiliwa mbele ya wenzake, wiki inayofuata anakuja.

kijana_wa_Pasua
Na wakipata kiongozi wa kikundi mzuri mpunguzie ada ya kozi inayofuata, mana hiyo ni kazi. Mwezi wa tatu nipo, niweke kwenye kikundi cha Moshi.