Mmetutoza 30,000 kusikiliza "Zombie" ya Fela, mkaikata kabla hata hajafungua mdomo

Wakuu, nimelala na hasira siku tano mfululizo. Acha niziteme hapa.

Ijumaa iliyopita kulikuwa na usiku wa kusikiliza albamu kwenye ukumbi mmoja hapa Dar. Jina la ukumbi sitalitaja, waandaaji wenyewe wanajijua. Bango lao halikuficha kitu: "Zombie" ya Fela Kuti, yule mwanamuziki wa Nigeria, na bendi yake Afrika 70, mwanzo mpaka mwisho, kwenye spika kubwa. Kiingilio 30,000. Nililipia watu wawili kwa sababu baba mdogo alisafiri kutoka Tanga kwa ajili ya jambo hilo tu. Mzee ana miaka 69. Albamu hii aliijua kwa kaseti iliyorekodiwa juu ya kaseti nyingine, ikikwaruza kama mtu anaparua sufuria, na hajawahi kuisikia kwenye vyombo vya maana.

Gitaa likaanza. Ngoma za Tony Allen zikaingia, saksafoni ikashika njia yake, mzee akafumba macho. Dakika ya tatu DJ akachomeka amapiano. Baba mdogo akafumbua macho, akanigeukia: "Mwanangu, mbona hajaimba?" Nilikosa la kumjibu.

Wimbo ule una dakika 12 na ushei. Albamu yote ilivyotoka mwaka 1976 ni nyimbo mbili tu, upande mmoja "Zombie", upande wa pili "Mr. Follow Follow", jumla kama dakika 25. Mmeshindwa kukaa kimya dakika 25? Mabishano ya mpira hapo baa yanakula muda kuliko huo!

Na Fela hachelewi kuimba kwa sababu hana la kusema. Anakuacha na ala dakika kadhaa mpaka mguu wako unapiga chini wenyewe, kichwa kinafuata, bega linafuata. Ukishazoea mwendo ndipo anaingia na kukuambia habari za askari asiyekwenda mpaka aambiwe nenda, asiyesimama mpaka aambiwe simama, asiyefikiri mpaka aambiwe fikiri. Wewe tayari uko kwenye gwaride. Halafu zinamiminika amri, moja juu ya nyingine, na waitikiaji wanajibu kila moja. Mimi nimepita JKT. Nimesimama juani nikisikia mguu sawa, mguu pande, nyuma geuka, mbele tembea, mpaka mwili unatii kabla akili haijasikia. Mara ya kwanza kuusikia wimbo huu nilikuwa nimetoka kambini miezi michache, na nywele zilinisimama. Ukiukata dakika ya tatu umebakiza mdundo wa kunywea bia.

Lakini hilo halikunichoma kama lililofuata. MC akapanda jukwaani na mabinti wawili waliopakwa rangi nyeupe na damu ya bandia, akatangaza shindano la kutembea kizombi, mshindi anapewa chupa. Watu wakaanza kuyumba mikono mbele kama maiti za kwenye filamu. Jamani! Sisi Waswahili ndio tungekuwa wa kwanza kumwelewa Fela, kwa sababu neno lake tunalo: msukule. Mtu aliyeondolewa utashi, anatumwa kulima shamba la mwingine usiku, hajui anamlimia nani. Hicho ndicho alichokiita jeshi la utawala wa kijeshi wa Nigeria. Hata jalada la albamu, kazi ya Lemi Ghariokwu, limejaa askari. Waandaaji hawakuliangalia hata jalada?

Na askari walimjibu. Tarehe 18 Februari 1977, wiki hata haijaisha tangu Lagos imalize kuandaa tamasha kubwa la FESTAC ambalo Fela alilisusia, wanajeshi wapatao elfu moja walizingira nyumba yake aliyoiita Kalakuta Republic. Yeye alipigwa vibaya. Wanawake waliokuwemo walipigwa na kunajisiwa. Nyumba ikachomwa moto pamoja na studio, ala na kanda zake. Mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, mwenye miaka 76, alitupwa kutoka dirisha la ghorofani. Huyu ndiye mama aliyewaongoza wanawake wa Abeokuta kupinga kodi mpaka mfalme wao, Alake, akaachia kiti mwaka 1949. Hakupona majeraha yale, akafariki Aprili 1978. Tume ya serikali ikachunguza, ikasema nyumba ilichomwa na askari asiyejulikana. Ndiyo maana Fela ana albamu inaitwa "Unknown Soldier", na ndiyo maana alibeba jeneza kwa ajili ya mama yake mpaka Dodan Barracks, makao ya utawala wa kijeshi, mlangoni kwa wakubwa.

Sisemi Fela alikuwa malaika. Kwenye mambo ya wanawake nina ugomvi naye mrefu, siku nyingine nitaufungulia uzi wake. Ila wimbo ambao watu waliulipia kwa namna hii haugeuzwi shindano la chupa.

Najua kuna mtu atakuja kuniambia nisikilize Afrobeats bila kelele, muziki ni kuburudika. Mkuu, hiyo herufi S mwishoni inatenganisha vitu viwili: Afrobeat ni muziki wa Fela, Afrobeats ni pop ya vijana wa sasa. Za kina Wizkid na Burna Boy nazipenda, nacheza, harusi ya dada yangu nilicheza mpaka viatu vikaachia soli. Ila bango liliandika "Zombie", halikuandika disko.

Upande wa pili haukuguswa kabisa. "Mr. Follow Follow", wimbo unaomwambia mtu akiamua kufuata basi afuate macho yakiwa wazi, masikio wazi, akili wazi. Ukumbi mzima haukuusikia.

Waandaaji, najua mnapita humu. Elfu sitini yangu kaeni nayo. Ninachotaka ni spika zilezile, ukumbi ukiwa mtupu hata asubuhi, dakika 25, bila MC. Leo ni Jumatano. Baba mdogo anapanda basi la Tanga Jumapili.