Breki ya boda inateleza ikitoka kuoshwa, asubuhi inang'ata. Nibadilishe viatu vya breki?

Boda_Kondele: Wazee, nisaidieni. Breki ya nyuma ni ya dramu, ile ya viatu viwili vinavyotanuka na kusugua ndani ya kitovu cha gurudumu. Ikitoka kuoshwa kwa pampu haishiki. Asubuhi inang'ata ghafla. Nikishuka mteremko wa Riat na mzigo inalia, kisha inaisha nguvu. Viatu bado vinene.

Fundi_Msasa: Hayo ni matatu, usiyachanganye. Maji hutanda kati ya kiatu na dramu, breki ikateleza. Endesha polepole ukikanyaga kidogo kidogo, joto litakausha. Ya asubuhi ni kutu nyepesi, hasa pikipiki ikilala imelowa. Ukishika breki mara mbili tatu inakwanguka. La Riat ndilo la kuogopa. Ukiburuza breki mteremko mzima, joto linapika gundi iliyomo kwenye kiatu, uso unakuwa laini kama kioo. Shuka na gia ndogo, breki isaidie tu.

Spana_Nyakach: Toa gurudumu uangalie. Kiatu kikimeta na ni kikavu, kipige msasa namba 80 mpaka mng'ao uishe, dramu namba 120. Vumbi usilipulize, viatu vingine vya zamani vina asbesto. Futa kwa kitambaa kibichi. Ukiona doa la mafuta, msasa hausaidii.

Jogoo_wa_Lami: Si unaosha kwa petroli halafu unakichoma kidogo? Mafundi wengi hufanya hivyo.

Fundi_Msasa: Hufanya, na ni hatari. Kiatu kina vitundu. Petroli inaosha juu tu. Dramu ikichemka, grisi iliyozama inatoka tena, nawe uko katikati ya mteremko. Tupa, nunua jozi. Ila kwanza jua grisi imetoka wapi: beringi imejazwa kupita kiasi, sili (mpira unaozuia grisi isitoke) imechoka, au kemu ya breki, kile chuma kinachotanua viatu, imepakwa nyingi. Kemu inataka grisi kidogo mno, ile ya kustahimili joto.

Spana_Nyakach: Soma pia kipenyo cha mwisho kilichochongwa kwenye dramu, yaani upana ambao dramu ikilika isiupite. Ikishapita hapo, viatu vipya vinagusa katikati tu.

Boda_Kondele: Nimefungua. Kimoja kinameta, kingine kina mstari mweusi wa mafuta upande wa beringi.

Fundi_Msasa: Anza na sili basi. Kisha osha dramu kwa petroli, mbali na moto, ikauke kabisa, ndiyo ufunge jozi mpya. Pedali icheze milimita 20 hadi 30 kabla breki haijashika, na gurudumu lizunguke kwa mkono bila kukwama. Mzigo wa Riat ungoje kwanza, viatu vipya vinagusa sehemu chache mpaka vilike vikae sawa na dramu.