Wakuu, ninunue ringineti (nyavu ya kuzungushia samaki) iliyotumika Kilwa au nijitoe mapema?

Kijana wa Mbagala: Habari zenu wanajamvi. Nimepunguzwa kazi, nina milioni 18 mkononi. Shemeji yangu wa Kilwa Kivinje anasema kuna mtu anauza ringineti ya dagaa pamoja na boti ya mbao, mashine hana. Anataka 14. Eti usiku mmoja mzuri unarudisha hela ya mashine. Mimi bahari naijua kwa kupanda boti ya Zanzibar, tena natapika. Nishaurini kabla sijatuma hela.

Nahodha Mstaafu: Usitume. Nenda ukakae wiki mbili kwenye giza, siku za mwezi mdogo, utoke na wavuvi. Dagaa wanavuliwa kwa taa; mwezi ukiwa mkubwa hawakusanyiki, watu wanabaki pwani kushona nyavu. Bado hujatoa siku za kusi, bahari ikichafuka. Huo usiku mzuri upo, nimeuona. Nimeuona pia wa kuchoma petroli hadi asubuhi, tukarudi na ndoo ya kitoweo. Mafuta ya usiku huo analipa nani? Muulize shemeji.

Fundi Nyavu: Mwambieni muuzaji aitandaze mchangani, yote. Shika uzi wa katikati, si pale alipokufungulia yeye, uvute kwa vidole viwili. Ukikatika kama unyasi mkavu, umeliwa na jua. Ushone leo, kesho utapasuka pembeni ya kiraka. Halafu tazama pete za chini. Pete iliyochimbika mfereji inaila kamba inayopita humo kufunga nyavu kwa chini, kila mkivuta. Siku ikikatika mmeshazungusha, dagaa wanatokea chini nanyi mnawaangalia. Viraka visikutishe, nyavu isiyo na kiraka haijafanya kazi.

Mdau wa Pwani: Na kina, mkuu. Sheria haitaki ringineti kwenye maji yasiyofika mita 50. Nahodha mvivu anazungushia karibu na miamba ili aokoe mafuta, nyavu inanasa kwenye matumbawe, na doria ikipita chombo kinashikiliwa. Leseni ya chombo na ya uvuvi ni vitu viwili, zidai zote.

Bi Dagaa: Mwanangu, mimi nanunua mbichi ufukweni, nachemsha kwa maji ya chumvi, naanika, wateja wangu ni wa Kongo. Hujaambiwa mgao. Huku kwetu mafuta na chakula vinatolewa kwanza, kinachobaki nusu ya mabaharia, nusu ya chombo, nyavu na mashine, kila kimoja na fungu lake. Sasa dagaa wanauzwa alfajiri, kwa ndoo, hela mkononi, na wewe Mbagala umelala. Utapata nusu ya utakachoambiwa. Ningekuwa wewe ningenunua mashine tu, niingie na mwenye nyavu aliye na nahodha wake. Mkikorofishana unaifungua unaondoka nayo. Nyavu utaibeba na nani?

Nahodha Mstaafu: Hapo kwenye mashine naunga mkono. Ila iwe imeandikwa, mbele ya viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi pale ufukweni.

Kijana wa Mbagala: Asante mama, asanteni wakuu. Nimempigia shemeji kumuuliza habari ya mafuta. Kasema mtandao unasumbua, kakata. Ijumaa napanda basi la Kilwa.

Nahodha Mstaafu: Ijumaa mwezi mpevu, hakuna atakayetoka.

Fundi Nyavu: Ndiyo siku yenyewe. Ataikuta nyavu nchi kavu.