Kijana wa miaka 15, presha 134/84, na nyumbani twayeyusha betri

Mama_Mikindani: Asalaam aleikum. Mwanangu si mnene, ila duka la dawa wamempima 134/84. Babake huyeyusha risasi ya betri kuukuu nyuma ya nyumba. Yaweza kuwa ndiyo sababu?

Muuguzi_Likoni: Waaleikum salaam dada. Hakikisha kwanza kipimo. Akae kimya dakika 5, ameegemea, nyayo chini, mkono usawa wa moyo. Mkanda mdogo hutoa presha ya juu ya uongo. Mpira wake wa ndani uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Apimwe siku 3 tofauti. Kuanzia miaka 13, 130/80 kwenda juu ni presha. Ikirudia 140/90, aonwe na daktari wiki hiyo hiyo.

Maabara_Kisauni: Risasi hubana mishipa na kuumiza figo. Kwa watu wazima uhusiano wake na presha uko wazi; kwa vijana matokeo ya tafiti yanatofautiana, kwa hiyo msiiangushie risasi lawama yote. Pimeni kreatinini ya damu (huonyesha hali ya figo) na protini ya mkojo, ulizieni presha ya ukoo, na kama anajipaka krimu ya kujichubua mwambieni daktari: zebaki nayo huharibu figo.

Damu ya kupima risasi itolewe mshipani. Ya kidole huchafuliwa na vumbi la ngozi. Shirika la Afya Duniani lataka chanzo kitafutwe kuanzia maikrogramu 5 kwa desilita. Lakini damu huonyesha zaidi risasi iliyoingia wiki za karibuni. Iliyoingia mifupani hukaa miaka mingi, basi namba ndogo leo haifuti ya zamani.

Mama_Mikindani: Nimpe maziwa yamsafishe?

Muuguzi_Likoni: Hayo ni maneno ya gereji. Kalsiamu na chuma hupunguza risasi inayofyonzwa, hazitoi iliyokwisha kuingia. Asishinde na njaa, tumbo tupu hufyonza zaidi. Dagaa, maharagwe, mchicha na ndimu vyatosha. Dawa za kuitoa ni za hospitali, nazo hufikiriwa risasi ya damu ikifika maikrogramu 45 kwa desilita hivi.

Fundi_Changamwe: Na kuyeyusha kukiendelea, chakula ni kazi bure. Owino Uhuru, mtaa uliochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri, si mbali na kwenu: kiwanda kilifungwa 2014, mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe na udongo usafishwe. Betri ziuzwe nzima, asizipasue. Nguo za kazi zivuliwe nje, zifuliwe peke yake. Ndani msifagie kukavu, pigeni deki kwa maji na sabuni. Kijana asisaidie kabisa, hata kupanga sahani za risasi.

Mama_Mikindani: Na wadogo zake, wa miaka 3 na 6?

Maabara_Kisauni: Hao wapelekwe kupimwa kabla yake. Huchezea udongo, hutia mikono mdomoni.