KE70 ya kukimbiza shambani: springi za kukata, koilova za mtumba au seti mpya? Na difu ya ngapi?

Mwana_Unyanyembe, Tabora

Mwangaluka wakuu. Niko Tabora, njia ya kwenda Igombe. Mwaka na nusu sasa najenga Corolla KE70 nyuma ya nyumba, na imefika mahali ambapo kosa moja litanila hela ya miezi kadhaa. Mashine ni 4A-FE iliyotoka kwenye Corolla ya kuvuta mbele, giaboksi ni T50, difu (boksi la meno kwenye eksili ya nyuma) ni ile ile iliyokuja na gari. Viti vya nyuma, mazulia na vikorokoro vyote vya ndani nimeshatoa.

Wiki iliyopita niliruhusiwa kutumia mizani minne ya kupimia tumbaku, kila tairi juu ya wa kwake, mimi nikiwa nimekaa kwenye usukani. Mbele kushoto kilo 229, kulia 241. Nyuma kushoto 193, kulia 205. Jumla 868. Nilisoma zile namba mara tatu kwa furaha.

Uwanja ni shamba la mjomba, kilomita moja na ushee, changarawe iliyoshindiliwa juu ya mchanga. Nyoofu ndefu kuliko zote ina mita 260. Kona ni tisa, mbili zake ni za kugeuka kabisa. Matairi 185/60 R13.

Kwenye springi nina njia tatu: nikate zilizopo na kufunga shokapu mpya za kawaida, ninunue koilova (springi na shokapu zilizofungwa pamoja, urefu unarekebishika) za mtumba ambazo mtu wa Dar ananiuzia, au nitafute springi na shokapu zilizotengenezwa kwenda pamoja. Difu iliyopo ni 3.909 (shafti inazunguka mara 3.909 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi), nimepata mtu mwenye 4.3 na mwingine mwenye 4.778. Naomba ushauri wa waliowahi kuingia mfukoni kwa mambo haya.

DadaSpana, Kigoma

Kaka hongera, kupima kila tairi ni kazi ambayo wengi wanairuka.

Springi za kukata achana nazo. Nilikata za Starlet yangu hapa Mwanga, mkunjo mmoja na nusu kila upande. Siku ya kwanza ilipendeza macho. Siku ya tatu nilipanda mteremko, tairi moja ikaning'inia, nikasikia mlio wa chuma. Kuangalia chini, springi imetoka kwenye kikombe chake na imelala kwa ubavu. Shokapu ilikuwa ndefu kuliko springi, kwa hiyo tairi ikishuka hadi mwisho hakuna kinachoishika. Namshukuru Mungu nilikuwa natembea polepole.

Kingine ambacho mafundi hawasemi: ukikata, springi haiwi fupi tu, inakuwa ngumu pia. Yenye mikunjo sita inayofanya kazi ukiondoa mmoja, ugumu unapanda kwa asilimia 20. Sasa shokapu ya kawaida imetengenezwa kutuliza springi laini. Ukiipa ngumu inashindwa kuituliza, gari linadunda, na tairi linalodunda halishiki changarawe.

Mzee_wa_Cheyo, Tabora

Naungana na dada. Ila kabla ya springi, mwanangu, umebadilisha bushi? KE70 nyuma ina eksili nzima inayoshikwa na mikono minne na fimbo moja ya kulala inayozuia eksili isiende pembeni. Bushi za fimbo hiyo zikichoka, sehemu ya nyuma inasogea yenyewe ukiingia kona, na wewe utadhani ni springi. Weka mtarimbo kati ya mkono na bodi, usukume. Ukiona nafasi, usinunue kitu kingine kwanza. Na mbele angalia bushi za zile fimbo zinazovuta mikono ya chini, zikilegea breki inapiga usukani upande.

Mwana_Unyanyembe

Mzee shikamoo. Nimeenda kupima sasa hivi. Fimbo ya kulala inacheza, naona karibu milimita nne. Za mbele ziko imara. Asante sana, hilo sikulijua.

Reli_Kati

Kuhusu koilova za mtumba: zimetoka gari gani, na springi yake ina ugumu gani? Kama muuzaji hajui, usitume hela. Nyingi zilizopo sokoni ni za kukimbia lami, mbele kilo 6 au 8 kwa milimita, yaani uzito wa kuibana springi milimita moja. Gari lako ni jepesi mno kwa hizo.

Hesabu yake ni hii. Kona ya mbele ina wastani wa kilo 235. Toa kilo kama 30 za tairi, breki na nusu ya mikono, unabaki na 205 zinazokaa juu ya springi. Kwenye changarawe unataka bodi lipumue, yaani lipande na kushuka, kama mara 1.7 kwa sekunde. Hapo springi ya mbele inakuwa karibu kilo 2.4 kwa kila milimita. Ukitaka mara 2, kama watu wa lami, inafika 3.3. Nyuma, ukitoa nusu ya eksili na difu, unabaki na kilo kama 155, inakuwa 1.8. KE70 mbele ina strati (shokapu iliyosimama na springi yake juu), na springi ya strati inasogea karibu sawa na tairi, kwa hiyo namba hizi unaweza kuzitumia zilivyo. Mwenye gari la mikono miwili juu na chini asizinakili, kwake springi inasogea kidogo kuliko tairi na hesabu inabadilika.

Koilova za kilo 6 kwenye shamba la mjomba zitakurusha toka tuta hadi tuta.

DadaSpana

Reli_Kati umenena. Na kupima springi hakuhitaji mashine. Mimi nilisimamisha springi juu ya sakafu ya saruji, nikaweka kipande cha ubao juu, nikapima urefu kwa futi kamba. Halafu kijana wangu akaegemeza gunia la mchele la kilo 80 pale juu, wawili tunalishika lisianguke, nikapima tena. Ilishuka milimita 34. Gawanya 80 kwa 34, unapata 2.35. Ndizo nilizofunga, na Starlet inatulia sasa hata barabara ya Ujiji ikiwa imechimbika. Muuzaji yeyote wa Gerezani anaweza kukufanyia hivyo dukani kabla hujatuma hela. Akikataa, tafuta mwingine.

Fundi_Mwandiga, Kigoma

Nimesoma yote. Springi mmeshamaliza, naingia kwenye difu, na hapa nina msimamo mkali: 4.3.

Gia za T50, toka ya kwanza hadi ya tano, ni 3.587, 2.022, 1.384, 1.000 na 0.861. Tairi lako likibeba gari linazunguka kama mita 1.70. Chukua mwisho wa mashine kuwa mizunguko 6,500 kwa dakika, usiipeleke zaidi, 4A-FE siyo 4A-GE, ile ya mbio.

Kwa 3.909, gia ya pili inaishia kilomita 84 kwa saa, ya tatu 123. Kwa 4.3, ya pili 76, ya tatu 111. Kwa 4.778, ya pili 69, ya tatu 100.

Swali sasa: mwisho wa ile nyoofu ya mita 260 unafika ngapi?

Mwana_Unyanyembe

Kwa simu iliyofungwa kwenye dashibodi, 105. Mara moja 107.

Fundi_Mwandiga

Basi imeisha. Kwa 4.778 utagonga mwisho wa tatu kabla ya kufika breki, itabidi uweke ya nne kwa sekunde mbili kisha urudi chini. Muda unapotea na krachi inaumia. Kwa 3.909 unafika, lakini kona za kugeuka unatoka mashine ikiwa imelala, na ukishuka hadi ya kwanza utapata pigo, maana toka ya kwanza kwenda ya pili mashine inaanguka toka 6,500 hadi kama 3,660. Hilo pengo la T50 ndilo baya kuliko yote, kaa mbali nalo. Toka ya pili kwenda ya tatu inaanguka hadi 4,450 tu, hapo bado ina nguvu. Kwa 4.3 uwanja wako wote ni pili na tatu.

Usikubali neno la muuzaji. Kichwa (sehemu ya difu yenye meno) kikiwa mezani, hesabu meno: 4.3 ni 43 kwa 10, na 4.778 ni 43 kwa 9. Yako ya sasa 43 kwa 11. Nunua kichwa kizima, siyo kroni na pinioni (gurudumu kubwa la meno na lile dogo) peke yake, kwani kupanga nafasi ya meno kunataka dayo geji (kipimo cha mshale) na mkono uliozoea. Tena hakikisha kinaingia kwenye nyumba ya difu yako, pima duara la bolti na meno ya shafti za pembeni.

Mzee_wa_Cheyo

Na asikuambie mtu uichomelee difu ili matairi mawili ya nyuma yazunguke pamoja daima. Kwenye gari la kilo 868 na nguvu za 4A-FE, zile kona za kugeuka litakataa kugeuka, litasukuma mbele kwenda kwenye michongoma. Anza na difu ya kawaida.

Reli_Kati

Mzee, hapo tutatofautiana kidogo. Difu ya kawaida kwenye changarawe, tairi la ndani linazunguka bure kila ukikanyaga. Ila nakubali aanze hivyo, bushi na shokapu nzuri kwanza, maana tairi likikaa chini tatizo hilo linapungua lenyewe.

Mwana_Unyanyembe

Wakuu nimeamua. Koilova nimemwambia yule bwana wa Dar hapana, alipoulizwa ugumu alisema "ngumu sana". Bushi za fimbo ya kulala nimepata hapa hapa mjini leo mchana. Kichwa cha 4.3 muuzaji amenipigia picha akiwa ameweka chaki kwenye jino la kwanza, nimehesabu 43 na 10, kinapanda basi kesho. Springi natafuta za kilo 2.4 mbele na 1.8 nyuma, na shokapu za kwenda nazo.

Dada, lile gunia, mlilishikaje lisiinamie upande mmoja?

DadaSpana

Sisi tulilishika kwa mikono tu. Wewe pitisha bomba la maji katikati ya springi, na ubao utoboe tundu bomba lipite. Gunia mbili za kilo 40, moja kila upande wa bomba.